Kutoka Jumbe hadi Bwana Samaki: Namna Viongozi Walivyotengenezwa Pwani ya Tanga

Mwanzoni mwa mwaka 1499, Vasco da Gama akiwa njiani kurudi Ureno kutoka Bara Hindi, alitia nanga mbele ya pwani ya Mtang'ata akiwa na tatizo la hesabu. Kiseyeye kilikuwa kimewamaliza mabaharia wake, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Akaamua kuichoma moto São Rafael, ile ile iliyokuwa imekwama kwenye mafungu ya mahali hapo Aprili ya mwaka uliotangulia. Kuhamisha shehena na vifaa kulichukua siku kadhaa, na muda wote huo watu wa Mtang'ata waliwajia na kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili.

Magofu ya mji mkubwa wa Mtang'ata ndiyo tunayoyaona leo Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa Tanga ukishika njia ya Pangani. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe, na kuuzunguka kuna makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo, na nguzo nyingi zimekwishaanguka. Watalii huonyeshwa makaburi na kuondoka. Mimi kila nikifika pale huwaza jambo jingine: mji ulioweza kuchimba matumbawe, kuchoma chokaa, kulipa mafundi na kupokea wageni wa kila bahari ulikuwa na watu waliojua kupanga kazi na kusimamia wengine. Hao walifundishwa wapi?

Kwa karne ya kumi na tisa tuna jibu zuri, maana liliandikwa na mtu aliyeyaona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kwa mkono wake sehemu kubwa ya kitabu kilichotolewa mwaka 1903 na Mjerumani Carl Velten, *Desturi za Wasuaheli*. Humo anaeleza jinsi mtu wa Mrima, yaani wa pwani hii, alivyopata ujumbe, cheo cha jumbe, mkubwa wa mji. Nasaba pekee haikutosha. Aliyetaka cheo alilipa ada kwa majumbe waliomtangulia, akachinja, akalisha mji, ngoma zikapigwa, kisha akavishwa kilemba. Chini ya jumbe palikuwa na vyeo vingine: shaha, waziri, mwinyi mkuu, akida. Kila kimoja kilikuwa na ada yake, haki zake na nafasi yake barazani, na haki zenyewe zililindwa kwa wivu, hata za mavazi.

Ukiutazama vizuri, utaratibu ule ulikuwa chuo. Kijana wa ukoo wenye haki aliketi nyuma barazani miaka mingi akisikiliza mashauri ya mashamba, talaka, watumwa na madeni, na alipopanda ngazi moja alikuwa ameshawaona wakubwa wake wakikosea na wakisahihishwa. Ubaya wake unajulikana: ngazi zilipandwa kwa mali, na mwenye mali alikuwa mara nyingi mwenye watumwa au mwenye deni kwa tajiri wa Kihindi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mifumo iliyofuata ilikikosa. Watu wa jumbe walikula karamu yake, waliishi naye mtaa mmoja, na wakimchoka walikuwa na dawa: kuhama na kwenda kukaa chini ya jumbe mwingine. Jumbe asiye na watu hakuwa jumbe wa kitu.

Masultani wa Unguja waliupanda utawala wao juu ya utaratibu huo. Waliweka liwali Tanga na Pangani, wakachukua ushuru, na mambo ya ndani ya miji wakawaachia wenyewe. Mambo yaliharibika Agosti 1888, pale kampuni ya Wajerumani ilipokuja kupandisha bendera yake Pangani kana kwamba hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Vita vya Abushiri bin Salim vikawaka pwani nzima. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande huu wa Tanga, aliviandikia utenzi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na kuanzia mwaka 1891 Serikali ya Ujerumani ikachukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa ua. Walter von Saint Paul-Illaire alikuja kuwa mkuu wa wilaya ya Tanga mwaka 1891. Aliokota ua dogo la zambarau katika misitu ya huku, akalipeleka kwao, na leo jina lake limo katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, kwa kuwa wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia. Sisi wa Tanga tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Ndiye aliyeifanya wilaya yake kuwa maabara ya utawala wa akida.

Tatizo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Wilaya ilikuwa kubwa, Wajerumani walikuwa wachache mno, na kodi, barabara, mashauri na mashamba ya walowezi vyote vilitaka mtu wa kuvisimamia. Kumtegemea jumbe peke yake hakutaka, kwa sababu jumbe alikuwa na watu wake wa kuwasikiliza. Akachukua jina la zamani, akida, akalipa maana mpya: mwajiriwa wa Serikali, mwenye mshahara, anayewekwa juu ya majumbe wa eneo zima na anayeweza kuhamishwa. Mara nyingi alikuwa mgeni mahali alipopangiwa. Alikusanya kodi, aliamua kesi ndogo, alitoa watu wa kazi, na aliandika taarifa kwenda boma.

Jambo hilo la mwisho, kuandika, ndilo lililozaa shule. Barua za mwanzo kati ya boma na wakubwa wa pwani ziliandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na Wajerumani walihitaji wakalimani kuzisoma. Walitaka watu wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, wanaojua hesabu, na ikiwezekana Kijerumani kidogo. Kwa msaada wa chama cha kikoloni cha Ujerumani, shule ikafunguliwa Tanga katika miaka ya 1892 na 1893, mwalimu wake wa kwanza akiwa Christian Barth. Baadaye Serikali ikaichukua iwe yake. Mwaka 1897 akaja Paul Blank kuwa mkuu, naye akakaa hapo miaka mingi hata shule ikaanza kufanana naye.

Mwanzoni wazazi hawakuileta mioyo yao, wala watoto wao. Waislamu wa Tanga walijua shule moja tu, chuo cha Kurani, na shule za wazungu walizozisikia zilikuwa za misheni, kama ile ya Magila, ambako mtoto aliingia Hamisi akatoka James. Gavana Julius von Soden alilielewa hilo, akashauri mwalimu wa Kurani alipwe na Serikali ili watu wapate imani. Wamisheni wakapiga kelele hadi ushauri ukafa. Kilichobaki ni shule isiyofundisha dini yoyote, na kwa pwani hilo lilitosha. Majumbe waliagizwa kuleta watoto, wengine walileta wa ndugu maskini badala ya wa kwao, na baada ya miaka michache ilipoonekana kwamba kijana aliyetoka pale analipwa rupia kila mwezi na Serikali, shida ya kutafuta wanafunzi ikapungua yenyewe.

Blank aliijenga kwa namna ambayo hata leo mtu wa mafunzo kazini angeitambua. Wanafunzi walisoma kusoma, kuandika, hesabu, kuimba na mazoezi ya viungo; waliofanya vizuri waliendelea na Kijerumani. Kulikuwa na bweni la vijana kutoka bara. Kulikuwa na karakana, kiwanda cha uchapaji, na bendi ya tarumbeta iliyowapigia wakubwa siku ya kuzaliwa kwa Kaisari, tarehe 27 Januari. Lakini ufundi wake hasa ulikuwa katika kuwatumia wanafunzi wakubwa. Aliyekuwa mbele alifundisha aliyekuwa nyuma. Aliyemaliza akapelekwa kufungua shule ndogo kijijini, akafundisha madarasa ya mwanzo, na wale bora wa huko wakaletwa Tanga kumalizia. Shule ikawa inajizalia walimu, na walimu wakawa wanazaa makarani, na kati ya makarani wakapatikana maakida. Jumbe wa zamani aliketi barazani miaka ishirini kupata cheo. Kijana wa Blank alihitaji miaka michache na kalamu.

Kilichowafunga pamoja baada ya kutawanyika kilikuwa gazeti. Kuanzia mwaka 1904 kiwanda cha shule kilichapa *Kiongozi*, gazeti la kila mwezi kwa Kiswahili, lililodumu hadi 1916. Wengi wa walioliandikia walikuwa wenyewe waliopita pale: mwalimu aliyeko bara, karani aliyeko boma la mbali, akida. Walileta habari za mvua, za safari za wakubwa, za magonjwa, za shule walizofungua, na mashairi. Ukilisoma leo unaona kitu ambacho Serikali haikukipanga: watu waliotapakaa nchi nzima wakaanza kujiona ni kundi moja, wana lugha moja ya kazi, na wanajua mwenzao wa Tabora anafanyaje shughuli ile ile wanayoifanya wao Lindi. Kwa maoni yangu gazeti lilifanya kazi kubwa kuliko darasa. Darasa lilimfundisha mtu kutii utaratibu. Gazeti lilimwonyesha utaratibu una tundu wapi.

Kufikia mwaka 1914 shule za Serikali katika koloni zima zilikuwa na wanafunzi kama 6,000. Misheni walikuwa na mara nyingi zaidi ya hao, lakini ofisi za Serikali zilijazwa na wale wachache. Waingereza walipoichukua nchi, taarifa yao ya mapema ilikiri kwa mshangao kwamba wanaweza kumwandikia barua kila akida na kila jumbe kwa Kiswahili na kujibiwa kwa maandishi. Majirani zao wa Kenya na Uganda hawakuwa na kitu cha namna hiyo.

Basi huduma kwa mwananchi ilikuwaje? Hapa pana shimo. Ukipima kazi kwa macho ya boma, kodi ilifika, hesabu zilikaa sawa, taarifa zilisomeka. Ukipima kwa macho ya mtu aliyesimama mbele ya baraza la akida, aliyekuwa amehukumiwa viboko au kupelekwa kazi za lazima, hakukuwa na mlango wa nyuma. Akida alijibu juu. Hakula karamu ya kutawazwa na watu wale, hakuzaliwa nao, na hakuna aliyeweza kumhama, kwa kuwa kila upande ulikuwa na akida wake na kodi ilikuwa ile ile. Palipokuwa na mtu mwadilifu, watu walipata haki ya haraka kuliko enzi za majumbe. Palipokuwa na jeuri, walipata jeuri aliyejua kuandika.

Mwaka 1905 kusini kukalipuka. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi mwezi Julai, na miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo kabisa walikuwa maakida na waliowafanyia kazi, pamoja na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Wakubwa wa Dar es Salaam walipochunguza sababu, matendo ya maakida yalitajwa. Wilaya ya Tanga, mahali mfumo ulipozaliwa, haikuingia vitani. Pengine ni kwa sababu huku maakida wengi walikuwa watu wa pwani kati ya watu wa pwani, na kule kusini walikuwa wageni kabisa. Serikali ilibadili gavana na ikalegeza baadhi ya mambo. Mafunzo ya maakida yalibaki yale yale.

Vita vya kwanza vya dunia vilifika Tanga tarehe 2 Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kushuka na jeshi kutoka Bara Hindi wakarudishwa baharini kwa aibu. Waliuchukua mji Julai 1916. *Kiongozi* likafa, Blank hakurudi, na maelfu ya kurasa za uzoefu zikabaki vichwani mwa makarani waliokuwa sasa wakitafuta bwana mpya.

Bwana mpya naye alikuja na makarani wake, Wahindi kwa sehemu kubwa. Na kutoka upande mwingine akaja mtu wa tatu. Martin Kayamba, Mbondei kwa asili, alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, mtoto wa mwalimu wa misheni ambaye mwenyewe alipelekwa kusoma Uingereza. Alisoma shule ya misheni ya Kiungani, akafanya kazi ya ukarani Kenya na Uganda, akaingia upande wa Wajerumani kwa biashara wakati mbaya kabisa, vita vikamkuta huko, akafungwa Tabora kama mtu wa adui. Waingereza walipomfungua akarudi Tanga na kuajiriwa boma. Miaka michache baadaye alikuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya, nafasi ambayo wengi waliamini Mwafrika haiwezi.

Picha ya ofisi ile ni rahisi kuikusanya kutokana na aliyoyaandika mwenyewe na yaliyoandikwa juu yake. Makarani wa boma walikuwa wa aina mbili ambazo hazikupendana sana. Kulikuwa na vijana wa Blank, wengi wao Waislamu wa pwani, mwandiko mzuri, Kijerumani ambacho hakikufaa tena. Kulikuwa na vijana wa Kiungani na Magila, Wakristo, wenye Kiingereza, wanaoitwa wanafunzi wa padri. Kila upande ulijiona ndio uliosoma. Meneja wa leo angeandaa semina. Kayamba alianzisha chama.

Machi 1922, mjini Tanga, kikazaliwa chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, Kayamba akiwa rais wake. Kilikuwa na chumba cha kusomea magazeti, timu ya mpira, na masharti ya kuwakusanya Waislamu na Wakristo bila kubagua. Kilijadili mishahara, kwa kuwa karani Mwafrika alilipwa chini ya Mhindi aliyekaa meza moja naye, na kilijadili mwenendo wa kazi. Matawi yakafunguliwa sehemu nyingine za nchi. Hakikuwa chama cha siasa, na Kayamba alihakikisha hakionekani hivyo. Alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi, msafi wa nguo na wa faili, na aliamini kwamba Mwafrika ataheshimiwa akiifanya kazi ya ofisi vizuri kuliko wote. Vijana waliomfuata walimcheka kwa hilo. Sidhani walimtendea haki. Yeye ndiye aliyewafanya watu waliofundishwa na mabwana wawili tofauti waketi chumba kimoja bila bwana kuwaita, wakafundishana. Mwaka 1929 ilipoanzishwa African Association Dar es Salaam, ambayo baada ya mabadiliko yake ikaja kuzaa TANU mwaka 1954, desturi ya watumishi kukutana, kuchagua viongozi, kuandika kumbukumbu na kulipa ada ya uanachama ilikuwa imeshazoeleka.

Mwaka 1931 Kayamba alipelekwa London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Walisema watu wao hawautaki. Aliporudi aliiandikia safari kitabu cha Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza*, ambacho ni raha kukisoma, hasa anapowatazama Waingereza nyumbani kwao kwa makini yale yale wao waliyomtazama yeye. Akapanda hadi ofisi kuu ya Serikali Dar es Salaam, akastaafu, na hakuishi kuona mwisho wa vita vya pili.

Wakati huo huo Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alikuwa anaubomoa utawala wa akida na kutafuta machifu wa kuwarudishia madaraka. Bara walipatikana. Pwani ya Tanga, ambako majumbe walikuwa wamevunjwa nguvu kwa miaka 35, hapakuwa na chifu wa kumfufua, na liwali na akida waliendelea chini ya majina mapya. Watoto wa machifu walipelekwa shule ya Tabora. Mwaka 1953 ikaanzishwa shule ya serikali za mitaa Mzumbe kuwafunza machifu na watumishi wao, na hiyo, baada ya machifu kufutwa mwaka 1963, ikageuka kuwa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001. Maofisa wengi waliopita Tanga kwa nusu karne iliyopita walipita hapo kwanza.

Baada ya uhuru kila kizazi kimekuwa na dawa yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimpiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa anaowaongoza, na wafanyakazi wakauchukulia kwa uzito kuliko walioutunga: viwandani waliweka zana chini, wakawafungia mameneja nje ya lango, mpaka Serikali iliyoandika maneno yale ikawaita polisi. Miaka thelathini baadaye, chini ya mpango wa kuboresha utumishi wa umma ulioanza mwaka 2000, ikaja mikataba ya huduma kwa mteja na, mwaka 2004, mfumo wa wazi wa kupima utendaji, OPRAS, uliomtaka mtumishi na mkubwa wake wakubaliane malengo ya mwaka na kuyapima. Mkataba utauona umebandikwa ukutani, siku saba kwa hiki, siku kumi na nne kwa kile, na chini yake dada wa mapokezi anakwambia mkubwa yuko kikaoni, njoo kesho. Fomu za OPRAS zilijazwa Juni, mara nyingi siku moja, na anayepima na anayepimwa wakagawana alama kwa ukarimu. Mwenye kero hakuwa na sehemu ya kuweka saini katika fomu ile.

Jaribio lililonivutia zaidi lilifanyika bila kelele, katika maji yale yale ambamo São Rafael iliungua. Mwaka 1994 Mkoa wa Tanga, kwa fedha za Serikali ya Ireland na utaalamu wa shirika la kimataifa la hifadhi ya asili, IUCN, ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani. Sababu ilikuwa baruti. Mabomu yalikuwa yakilipuliwa mchana kweupe kwenye miamba, matumbawe yanageuka kifusi, na mvuvi wa mshipi na dema anarudi na kitoweo cha siku moja. Serikali ilikuwa na bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, lakini watu wa vijiji walimwona mara mbili: anapokata leseni na anapokamata nyavu.

Mpango ulianza na huyo bwana samaki, pamoja na bwana misitu na bibi maendeleo wa wilaya tatu za Pangani, Muheza na Tanga. Walirudishwa darasani kujifunza kazi ambayo hawakuajiriwa kwayo: kuitisha kikao, kunyamaza, kuuliza, kuwaacha wanakijiji wachore ramani ya miamba yao wenyewe na wapange matatizo kwa uzito wanaouona wao. Kwa mtu aliyesoma miaka mitatu ili awe mtaalamu, kukaa kwenye mkeka akisahihishwa na mvuvi asiyejua kusoma si jambo dogo. Wengine hawakuliweza. Walioliweza waligundua kwamba wavuvi walikuwa wanajua nani analipua, anauziwa wapi baruti, na samaki wanashukia wapi. Taarifa hiyo haikuwahi kufika ofisini kwa sababu ofisi haikuwahi kuiuliza.

Kutokana na vikao hivyo yakachorwa maeneo ya usimamizi wa pamoja, jumla sita katika mkoa. Moja likapewa jina la Mtang'ata. Vijiji vilichagua kamati, vikaandika mpango, vikakubaliana miamba ipi ifungwe na ipi iachwe wazi na nyavu zipi ni marufuku. Wavuvi wachache walifundishwa kuzamia na miwani na kuhesabu samaki na matumbawe kwa utaratibu, mwamba mmoja baada ya mwingine, halafu wakaja kusoma hesabu zao mbele ya mkutano wa kijiji. Mpango ulikaguliwa upya kila baada ya muda, na kilichoonekana hakifai kikabadilishwa. Doria zilifanywa na vijiji pamoja na askari, wakati mwingine wanamaji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 milipuko ilipungua sana pwani ya Tanga, na watu waliokuja kujifunza kutoka nje walikuwa wengi kiasi cha kuwachosha wenyeji.

Halafu fedha za mafuta ya doria zikapungua, mahakama zikawa zinaachia washitakiwa kwa faini ndogo, na miaka ya 2000 mabomu yakarudi. Mpango wenyewe ulifungwa mwaka 2007. Ungetazama hapo tu ungesema umeshindwa. Lakini kamati hazikufa zote. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, ambavyo sheria ya uvuvi imevipa nafasi nchi nzima, vilipofika Tongoni na Kigombe vilikuta watu waliokwisha kujifunza kuendesha kikao, kuandika kumbukumbu na kumhoji mtu wa Serikali bila kumwogopa. Mafunzo yalikuwa yamebaki upande ambao hayakuwahi kubaki kabla, upande wa wanaohudumiwa.

Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa kwenye nyavu za kina kirefu za wavuvi wa huku. Sheria inataka vijiji vishirikishwe, na vimo kwenye vikao. Mhifadhi, hata hivyo, anapangwa na makao makuu Dar es Salaam na taarifa zake zinakwenda huko, na kamati ya BMU inachaguliwa na wavuvi wenyewe na inaweza kung'olewa na mkutano wao. Wote wawili wana madaraka juu ya maji yale yale, kila mmoja na kitabu chake cha risiti. Mvuvi wa Tongoni anayekuta jarife lake limekatwa usiku ana milango miwili ya kugonga, na kura anayo juu ya mmoja tu.